Baga ya Jumamosi saa nane: wewe na jirani yako mlikula wapi?

Swali: "Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu watatu kwenye mgahawa maarufu wa baga hapa Nairobi, ndani ya jengo la maduka. Tulifika saa nane mchana, tukangoja karibu dakika 40. Baga zikaja zimebonyea, mkate umeloa chini, chipsi zimepoa na kulegea, na baga ya kitindamimba ilikuwa na vitunguu ingawa nilisema visiwekwe. Nilipomwambia binti wa kaunta, alisema 'pole', basi. Jirani yangu hula palepale kila wiki, na juu ya mgahawa huo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Je, nilionewa, au chakula hiki ndivyo kilivyo? Na mtu afanye nini siku nyingine?" (Msomaji, Syokimau)

Dada yangu wa Syokimau, pole sana kwa Jumamosi hiyo. Pesa ya kulisha watoto watatu mahali kama hapo si ndogo, na watoto wenyewe huwa wameihesabia siku hiyo wiki nzima.

Nianze na jirani yako. Kabla hujamwona mwongo, muulize huwa anakwenda lini na saa ngapi. Sitashangaa akikuambia ni siku ya kazi, saa sita kasoro hivi, foleni inapoanza kujikusanya. Nimesimama nyuma ya kaunta za baga miaka tisa, sita Dubai na mitatu Mombasa, na sasa kazi yangu ni kuwafunza vijana wanaoanza. Malalamiko kama yako nimeyasikia yakirundikana saa zilezile, wiki nenda wiki rudi. Jiko ni lilelile, nyama ni ileile, vijana ni walewale. Wewe ulifika saa ambayo jiko lilikuwa limezidiwa. Jirani yako hufika saa ambayo limechangamka bado halijazidiwa, na hiyo ndiyo saa bora kuliko zote, bora hata kuliko saa ya kimya. Alasiri watu wakiwa wachache chakula huiva kikakaa, na kukaa ndiko kunakoharibu.

Aina hii ya jiko ilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga mgahawa wao wa San Bernardino, California, wakaupanga upya. Waliwaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakaipunguza orodha ya vyakula hadi 9, wakagawa kazi kama kiwandani: huyu achome nyama, yule apake mchuzi, huyu akaange viazi, yule afunge. Ramani ya jiko waliichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wakawatembeza wafanyakazi ndani yake wakiigiza kazi, ili waone nani atampiga nani kikumbo. Baga ikauzwa senti 15. Jiko la mama ntilie lina mtu mmoja anayekijua chakula chako kutoka mwanzo hadi mwisho. Jiko la baga halina mtu huyo. Baga yako hupita mikono minne au mitano, na kila mkono unaona kipande chake tu. Mikono ikienda sawa, chakula ni kitamu na kinatoka haraka ajabu. Mmoja ukichelewa, vilivyokwisha kuiva vinakaa vikiungoja.

Kwa kadiri ulivyonieleza, nadhani hicho ndicho kilichowapata. Ngoja nikupe picha ya upande wa pili wa kaunta.

Oda yako iliingia kwenye skrini: baga tatu, moja bila vitunguu, chipsi tatu, soda tatu. Kijana wa chipsi yeye haoni vitunguu. Anaona chipsi tatu, anajaza, anaziweka kwenye trei. Kijana wa baga anatengeneza zile mbili za kawaida, anazifunga, anazisukuma mbele. Ile ya tatu ni oda ya kipekee, haiwezi kuchukuliwa katika mkondo wa zile nyingine, lazima aikatize kazi yake aitengeneze peke yake. Saa nane ya Jumamosi, nyuma yako kuna foleni ya ukumbini, na kuna foleni nyingine usiyoiona: oda za programu za simu, za watu walioko nyumbani Kilimani na South B. Ulipohesabu watu sita mbele yako, jikoni walikuwa wanahesabu labda thelathini. Ile baga ya tatu ikasogezwa nyuma kidogo, kisha kidogo tena. Wakati wote huo chipsi zako ziko kwenye trei zinapoa, na baga mbili ziko ndani ya karatasi zinajichemsha kwa mvuke wao wenyewe. Mkate ukaloa. Kilichocheleweshwa ni kimoja, kilichoharibika ni vyote.

Halafu baada ya kungoja kote huko vitunguu vikaja! Hapo mara nyingi kosa haliko kwenye kutengeneza. Liko kwenye kubandika: kibandiko cha "bila vitunguu" kimekaa kwenye baga isiyo yake, na yenyewe imekwenda kwa mtu mwingine ambaye sasa hivi anashangaa vitunguu vyake viko wapi.

Chipsi nataka nizikalie kidogo, maana ndizo zinazosema ukweli wa mgahawa wowote wa baga. Baga ina mchuzi na jibini vya kuifichia uchovu, chipsi hazina pa kujificha. Zikitoka kwenye mafuta, ganda la nje ni kavu na ndani kuna kiazi laini chenye maji mengi. Kuanzia hapo maji ya ndani yanasafiri kwenda nje, na ganda linalainika. Kwetu muda uliowekwa ulikuwa dakika 7. Kengele ikilia, zilizobaki zinamwagwa, hata kama zimejaa.

Dubai, mwezi wa Ramadhani, nilipangwa upande wa chipsi. Nusu saa kabla ya magharibi ukumbi huwa mtupu kabisa, unasikia friji tu zikivuma, lakini skrini imejaa juu hadi chini, oda za watu wanaotaka chakula kiwe mlangoni adhana inapotoka. Zote dakika moja. Nilikuwa na vikapu vinne vya kukaangia, na kila kikapu kinataka karibu dakika tatu. Piga hesabu mwenyewe. Tulikuwa tunatanguliza kukaanga, kengele ikawa inalia chipsi zikiwa bado nyingi. Jioni moja kiongozi wa zamu alinyoosha kidole, akaizima kengele, akaniambia jaza pakiti. Nikajaza. Haukupita muda akaingia mzee mmoja wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, ambaye siku zote alikuwa akitusemesha Kiswahili. Aliiweka pakiti kaunta, akatoa chipsi moja akaishika kwa ncha mbele ya macho yangu. Ikainama kama uzi. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ungefuturu kwa hiki?"

Nilishindwa kumjibu. Nilimkaangia nyingine naye akangoja amesimama, na adhana ikamkuta palepale kaunta, akafungua saumu kwa maji tuliyompa. Tangu siku hiyo kijana yeyote ninayemfunza, somo lake la kwanza ni ile kengele, na kwamba hakuna mkubwa wa zamu mwenye ruhusa ya kuizima.

Kwa hiyo wewe una haki ya kuomba chipsi za moto, na huna haja ya hila. Watu wamefundishana kuagiza chipsi bila chumvi ili zikaangwe upya, halafu wakifika mezani wanajitilia chumvi. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi: inamlazimu kijana kuandaa pakiti yako mbali na chumvi iliyotapakaa pale, na foleni nzima inasimama kwa uongo mdogo. Sema tu, "Naomba chipsi zitoke mwisho, baga zikiwa tayari. Nitangoja." Sentensi hiyo ingeiokoa Jumamosi yako karibu yote. Na ukiagiza kuletewa nyumbani, baga husafiri, chipsi hazisafiri. Ndani ya mfuko uliofungwa, juu ya boda, katika msongamano wa Mombasa Road, hakuna chipsi duniani itakayofika ikiwa kavu.

Huenda umewahi kujiuliza kwa nini viazi vyenyewe vimekuwa vikitoka mbali wakati Nyandarua, kaunti ya wakulima wa viazi, iko hapa. Chipsi za mikahawa mingi ya namna hii huja zimekatwa, zimekaangwa nusu na kugandishwa kiwandani, ndiyo maana zinaiva kwa dakika tatu na zinafanana pakiti hadi pakiti. Gharama ya kufanana huko tuliiona Januari 2022, KFC ya Kenya ilipoishiwa chipsi kwa sababu meli zilichelewa. Wakenya walikasirika, na wana haki, nchi hii ina viazi tele. Kampuni ilieleza kwamba kila anayeiuzia lazima kwanza apite ukaguzi wa ubora wa kampuni mama. Kwa mpishi wa kibanda, viazi vikiisha unamtuma kijana sokoni akarudi na gunia la viazi vya shangi. Kwenye jiko la mfumo huu, kijana hana ruhusa ya kupika kiazi ambacho hakikupita mlango huo.

Kuhusu kubonyea: hukusema kama ulilinganisha na picha ya ukutani, lakini karibu kila anayelalamikia baga iliyobonyea analinganisha na ile picha. Mwaka 2012 McDonald's ya Canada ilitoa video ikionyesha baga ya tangazo inavyoandaliwa. Baga ni ya vitu vilevile vya dukani, ila mtu amekaa saa kadhaa kuipanga, akasukuma jibini, achari na vitunguu vyote vije ukingo wa mbele kamera ivione, na haijawahi kufungwa ndani ya boksi. Ya kwako imefungwa ikiwa ya moto, na mvuke umeulainisha mkate. Wamarekani wamelipeleka jambo hili mahakamani. Mwaka 2023 jaji wa Florida aliiacha sehemu ya kesi ya wateja dhidi ya Burger King iendelee, na muda mfupi baadaye jaji wa New York akaitupilia mbali kesi ya namna hiyo dhidi ya McDonald's na Wendy's. Ushauri wangu ni kwamba picha usiigombee. Gombea vitu unavyoweza kuvionyesha kwa kidole: joto, hesabu ya ulivyolipia, na ulichoomba kisiwekwe. Na uzito unaoandikwa, kwa mfano "robo pauni", yaani gramu kama 113, ni wa nyama mbichi. Ikichomwa inapoteza mafuta na maji, inafika kwako imepungua karibu robo. Hapo hujaibiwa.

Sasa yale mawili ambayo hayana mjadala.

La kwanza ni nyama. Ukiikata baga ukakuta katikati ni mbichi, ya waridi na baridi, usimpe mtoto, na usijiambie labda wazungu ndivyo wanavyokula. Nyama nzima, kama steki, vijidudu vyake viko juu na moto unavifikia. Nyama ya kusaga, cha juu kimechanganywa na cha ndani. Mapema mwaka 1993 huko Marekani, wateja wa mikahawa ya Jack in the Box waliuziwa baga ambazo hazikuiva sawasawa, zikiwa na kijidudu cha E. coli. Zaidi ya watu 700 waliugua na watoto 4 wakafariki. Baada ya hapo masharti yakabanwa, na leo mamlaka za chakula za Marekani zinashauri nyama ya ng'ombe ya kusaga ifike joto la nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Kwa hiyo ukilirudisha pande la nyama mbichi, hujasumbua mtu. Umemfanyia hisani hata yule anayekula meza ya pili, kwa sababu huenda mashine ya kuchomea imeharibika na bado hawajajua.

La pili ni vitunguu. Je, mwanao havipendi, au vinamdhuru? Kwa mpokea oda hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. "Hapendi" inaingia kwenye skrini kama alama ndogo ambayo kijana mwenye haraka anaweza kuiruka. "Inamdhuru, ana mzio" inatakiwa isimamishe kila kitu: mkubwa wa zamu aitwe, glavu zibadilishwe, baga itengenezwe pembeni. Mzio wa vitunguu ni nadra, lakini ufuta ulio juu ya mkate, yai lililo ndani ya mayonezi, na maziwa yaliyo ndani ya jibini, hivyo vimewafikisha watoto hospitali. Kama ni mzio useme kwa sauti, umwangalie mtu usoni, usiuachie mashine ya kujiagizia. Na kama ni kutopenda tu, basi usidanganye kwamba ni mzio ili uhudumiwe kwa makini zaidi. Nimeona wateja wakifanya hivyo. Kijana akishadanganywa mara kumi, ya kumi na moja haamini tena, na huenda hiyo ndiyo ya kweli.

Haya, tuje kwa yule binti aliyekuambia "pole" akanyamaza. Najua ilikuuma. Lakini niamini, katika mikahawa mingi mtu wa kaunta hana uwezo wa kufanya zaidi ya hapo. Kufuta oda, kurudisha pesa, hata kutoa baga nyingine bure, kunataka kadi au namba ya siri ya mkubwa wa zamu. Binti hana. Anachojua ni kwamba akiacha kaunta kwenda kumwita mkubwa, foleni itamzomea. Nimekuwa mahali pake. Unabaki na neno moja mdomoni, na hilo ndilo unalotoa.

Basi usimwombe yeye kitu asichokuwa nacho. Mwambie kwa upole, "Dada, niitie kiongozi wa zamu." Kisha simama pembeni ya kaunta, si katikati ya foleni, na trei yako na risiti mkononi. Usile nusu ndipo ulalamike. Chakula kikiwa kizima kinakutetea chenyewe. Akija, usimsimulie historia ya siku nzima. Mwonyeshe: chipsi hizi, ziguse. Hii ina vitunguu, na risiti inasema bila. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, taja unachotaka. "Naomba chipsi tatu mpya na baga hii itengenezwe upya" ni ombi ambalo mkubwa wa zamu yeyote mwenye akili atalitimiza ndani ya dakika tano, kwa sababu gharama yake ni ndogo na anataka uondoke umeridhika. "Huduma yenu ni mbaya sana" hana la kuifanyia. Atasema pole, kama yule binti.

Akikataa kabisa, ujue Katiba iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Huhitaji wakili kwa chipsi tatu. Andikia ofisi kuu ya mgahawa, taja tawi, tarehe, saa na namba ya oda iliyo kwenye risiti. Saa ndiyo muhimu kuliko yote, maana kwa saa hiyo wanaweza kuona kwenye kumbukumbu za mashine oda yako ilikaa dakika ngapi kila kituo, na hapo hakuna wa kubisha. Ukiandika mtandaoni, andika tawi na saa, lakini jina la binti lililo kifuani pake liache. Nimeona msichana akifukuzwa kazi kwa picha iliyosambaa, na kosa lilikuwa la mtu aliyepanga zamu ya Jumamosi na watu wanne badala ya saba. Aliyepanga zamu hakuguswa.

Watoto wakiomba tena, nawe ukakubali, nenda siku ya kazi wakiwa likizo, au Jumamosi yenyewe lakini mfike saa tano u nusu, kabla ya umati. Pale kaunta agiza baga ya kitindamimba kwanza, peke yake, risiti yake mbali. Ikianza kutengenezwa, agiza zile nyingine mbili, na useme chipsi zote mwisho. Trei ikija, fungua karatasi palepale kaunta, inua mkate wa juu, uangalie. Hakuna atakayekasirika, sisi wenyewe hufanya hivyo tukila kwa wenzetu. Na kama umelipa kwa M-Pesa, ujumbe wake usiufute hadi mmemaliza kula. Risiti ya karatasi huishia mikononi mwa watoto na kechapu juu yake, ule ujumbe hauendi popote.